Klabu za Taarabu za Unguja na Usiku wa Kuimba

Mtu atakaye kuandika historia ya taarabu ya Unguja hukuta njia mbili zimekwisha fyekwa mbele yake. Ya kwanza yatoka katika jumba la Sultani: yamtaja Seyyid Barghash, yataja wapigaji wa Misri, yataja kanuni na udi vilivyovuka bahari, kisha husimama hapo. Ya pili yamfuata mwimbaji mmoja, Siti binti Saad wa Fumba, tangu alipokuwa akichuuza vyungu hata sauti yake iliposikiwa katika santuri pwani yote. Njia hizi zote mbili ni za kweli, wala makala haya hayakukusudia kuziziba. Lakini kati ya jumba na santuri pana mahali ambapo wengi wetu tumepapita kwa haraka, napo ni chumba cha klabu: chumba chenye viti na mikeka, daftari la ada, vyombo vilivyotundikwa ukutani, na watu waliokuja baada ya sala ya isha kuimba pamoja. Dai langu ni kwamba taarabu ilifanywa kuwa ya Waswahili katika vyumba vya namna hiyo, na ya kuwa wimbo wake haufahamiki sawasawa mpaka ujulikane usiku ulimoimbwa.

Yafaa tuanze na jina, maana jina lenyewe limeleta kosa. Neno hili latokana na Kiarabu, nalo huanza kwa herufi ya to. Maana yake ni ile hali ya moyo kutikisika, kwa furaha au kwa huzuni, kwa ajili ya sauti nzuri. Ustaarabu ni neno la asili nyingine, lenye herufi ya ain, la ukoo mmoja na jina la Waarabu. Tuandikapo kwa herufi za Kirumi tofauti hii hupotea, na masikio ya watu yameyaunganisha maneno haya mawili hata ikasemwa kwamba taarabu ni muziki wa waliostaarabika. Kwa mtaalamu wa lugha hilo ni kosa la kusahihishwa. Kwa mwanahistoria ni ushahidi wa kuwekwa akiba, kwa kuwa laonyesha jinsi mji ulivyotaka muziki huu ufikiriwe: kitu cha heshima, kilichotoka juu na mbali.

Sasa tuitazame habari ya jumbani. Seyyid Barghash bin Said alitawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Kabla ya kupata kiti aliwahi kukaa Bombay katika uhamisho, na mwaka 1875 alisafiri kwenda Uingereza. Alikuwa mtu aliyeona miji ya watu na kupenda mambo yao. Imepokewa kwa masimulizi kwamba aliwaleta wapigaji kutoka Misri wamburudishe, kisha akampeleka huko mtu wa Unguja, Mohamed Ibrahim, ajifunze kupiga kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine. Masimulizi haya yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama hati iliyotiwa sahihi. Mimi nayachukua kama yalivyo, yaani masimulizi. Na hata tukiyakubali yote, yatueleza namna vyombo vilivyofika tu. Hayatuelezi jinsi muziki ulioimbwa kwa Kiarabu mbele ya mfalme ulivyopata kuwa maneno ya mwanamke wa Ng'ambo amjibuye jirani yake kwa Kiswahili. Mfalme alikuwa na wapigaji. Hakuwa na wanachama.

Wanachama walipatikana mwaka 1905. Katika mwaka huo vijana wa mjini waliunda chama wakakiita Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wa usafi wa moyo. Jina hilo hawakulibuni. Ni jina la jamii ya wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, walioandika Rasail zao mashuhuri pasipo kutaja majina yao wenyewe. Vijana wanaochagua jina la namna hiyo hawataki kuhesabiwa miongoni mwa wapigaji wa kukodiwa. Wataka undugu, elimu na adabu, na muziki uwe alama ya hayo matatu. Waliagiza vyombo kutoka Misri, wakajifunza nyimbo za Misri, wakaziimba kwa Kiarabu, ingawa nyumbani na sokoni walisema Kiswahili kama watu wengine wa mji. Msomaji wa leo aweza kucheka kidogo hapo. Lakini jambo kubwa lilikuwa limekwisha tendeka bila ya kelele. Mpigaji wa jumbani hulipwa ili apige. Mwanachama hutoa fedha yake ili apate kupiga. Muziki ulikuwa umetoka mikononi mwa mwenye kuuamrisha ukaingia mikononi mwa wenye kuuchangia, na mwenye kuuchangia, siku yoyote atakayo, aweza kuamua uimbwe kwa lugha yake.

Klabu hizi hazikuwa za starehe peke yake. Pwani yetu imezoea vyama ambavyo watu huchangiana harusi na maziko, huvaa sare moja, hushindana na chama cha mtaa wa pili, na kusaidiana siku ya dhiki. Klabu ya taarabu ilipandwa katika udongo huo. Ushahidi mmoja watosha: chama kilichoundwa mwaka 1958, ambacho baadaye kilijulikana ulimwenguni kwa jina la Culture Musical Club, kwanza kiliitwa Shime Kuokoana. Katika jina hilo hamna neno hata moja la muziki.

Siti binti Saad ameandikwa na kalamu bora kuliko hii. Wasifu wake, kazi ya Shaaban Robert, ulitolewa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na kila asomaye Kiswahili angefaa kuusoma. Hapa nataka kuonyesha jambo moja tu katika maisha yake. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba maskini ya watu wenye asili ya utumwa. Alihamia mjini yapata 1911. Na atajwaye kuwa mwalimu wake wa kuimba alikuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa. Klabu haikuwa na nafasi ya mwanamke, tena mwanamke wa shamba mwenye asili ile, lakini elimu ya klabu ilipita mlangoni ikamfuata. Naye hakuiacha kama alivyoipokea. Pamoja na wenzake, ambao miongoni mwao walikuwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban, aliiimba kwa Kiswahili, na nyumba yake ya Ng'ambo ikawa mahali pa kukutania usiku. Kundi lile halikuwa na jina la Kiarabu wala daftari la ada, bali lilifanya kazi yote ya klabu: lilikutana, lilifanya mazoezi, lilitunga, na majirani walikaa wakisikiliza na kutia maneno yao.

Mwaka 1928 kundi hilo lilikwenda Bombay kutia sauti katika santuri, na santuri hizo zikasambaa Afrika Mashariki. Hapo ndipo historia nyingi husema kwamba taarabu ya Kiswahili ilizaliwa. Mimi naona ilikuwa imekwisha zaliwa, imekwisha nyonya na kutembea, katika nyumba ya Ng'ambo. Bombay ilipigwa picha tu.

Chukua wimbo wa Kijiti, ulio maarufu katika nyimbo za kundi lile. Aliyepata maneno yake peke yake aona habari ya mauaji ya mwanamke mgeni na lawama kwa mtu aitwaye Kijiti. Wazee wa Ng'ambo waliozungumza na mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2001, walikuwa na zaidi ya hayo. Walikumbuka kwamba mtuhumiwa alitorokea bara, na kwamba wanawake waliokwenda barazani kutoa habari ndio waliotiwa kifungoni, kwa ajili ya pombe iliyonunuliwa usiku ule. Kwa wasikilizaji wale wimbo haukuwa kisa cha muuaji. Ulikuwa hukumu juu ya mahakama, iliyotolewa na watu wasiokuwa na nafasi katika mahakama hiyo. Santuri imehifadhi sauti, na karatasi yaweza kuhifadhi maneno. Maana ilihifadhiwa na watu waliokuwapo.

Baada ya Siti wanawake hawakungoja tena elimu iwafuate mlangoni. Waliunda klabu zao wenyewe: Sahib el Ari, Nuru el Uyuni, na wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake zikaja zenye majina kama Royal Air Force na Royal Navy. Majina hayo si mzaha, ingawa yana uchekeshi wake. Wakati majeshi ya angani na baharini yalipotajwa kila siku katika habari za vita, akina mama wa Unguja walijitwalia majina ya majeshi kwa kuwa nao walikuwa vitani. Klabu moja ilishindana na nyingine kwa sare, kwa wingi wa wanachama, kwa fahari ya harusi, na zaidi ya yote kwa nyimbo. Mahadhi waliyatwaa popote, hata katika filamu za Kihindi zilizoonyeshwa mjini, wakatia maneno ya Kiswahili yaliyomlenga mtu bila ya kumtaja. Wanaume wa klabu za kale waliwadharau, wakisema kwamba huo si muziki wa elimu. Dharau hiyo imeingia hata katika maandishi, na ndiyo sababu habari za klabu za wanawake ni haba kuliko zilivyostahili kuwa. Hata hivyo fumbo la taarabu, ambalo leo kila mtu hulisifu kuwa ndiyo roho yake, lilinolewa huko kuliko kwingine kokote.

Pembeni yao kulikuwa na kidumbaki, ambacho mtu wa klabu kubwa aweza kukiita mtoto wa taarabu: vigoma viwili vidogo, fidla moja, sanduku la mbao lenye uzi mmoja badala ya besi, vijiti vya mkwasa na cherewa za kutikisa. Kidumbaki hutwaa wimbo uliokwisha pendwa, huukaza mwendo, huunganisha na mwingine, na kuwachezesha watu mpaka jasho. Wapigaji wengi wa klabu kubwa walianzia huko, wala si wote wapendao kukiri.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili hali ya vyama vyote. Muziki uliwekwa chini ya uangalizi wa chama kilichotawala, Afro-Shirazi, na wa Serikali. Ikhwani Safaa ilijulikana kwa jina la Malindi, na jina la kale likarudi baadaye. Shime Kuokoana ikaja kuwa Culture, yenye nyumba yake Vuga. Baadhi ya wanachama wa zamani waliondoka visiwani. Klabu nyingi za wanawake zilififia, na sauti za wanawake zikaingia katika klabu kubwa, ambako wapigaji walibaki kuwa wanaume. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa fungu la haki, maana Ikhwani Safaa ya mwanzo isingaliwapokea. Kwa upande wa pili mwanamke alipata kipaza sauti akapoteza daftari: aliimba, lakini mikutano, fedha na uchaguzi wa nyimbo havikuwa tena vyake kama vilivyokuwa katika klabu yake mwenyewe. Sioni kwamba hesabu hii imepata kufanywa vizuri.

Mambo yaliyofuata nayapitia upesi, kwa kuwa yajulikana. Kuanzia mwaka 1988 kampuni moja ya Uingereza ilitoa santuri za klabu hizi, na watu wa Ulaya wakaanza kuzisafirisha. Mwaka 2005 Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100. Miaka ya 1990 ilileta taarabu ya kisasa yenye vinanda vya umeme, na mashindano ya Khadija Kopa, aliyetoka katika Culture akaingia Tanzania One Theatre, na Nasma Khamis wa kundi la Muungano yaliwajaza watu katika kumbi za Dar es Salaam. Wazee walilalamika kwamba maneno yamevuliwa nguo. Mwenye kujua habari za klabu za wanawake za zamani hushangaa kidogo kusikia lalamiko hilo, kwa maana ndilo lililotolewa juu ya bibi zao.

Baada ya kuzungumza miaka, tuingie sasa ndani ya klabu, tukianza na jinsi wimbo unavyofika humo. Huingia kwa karatasi. Mtunzi wa maneno aghalabu siye mwimbaji, na pengine hata si mwanachama. Huenda ni mwalimu, karani au mvuvi, mwenye sifa ya kutunga mtaani kwake. Shairi lake kwa kawaida lina beti tatu au nne na kiitikio. Kila ubeti mistari mitatu, kila mstari vipande viwili vya mizani nane nane, vyenye vina vya kati na vya mwisho. Huenda alilitunga kwa moyo wake, na huenda aliombwa. Mtu mwenye jambo lake, aliyeachwa au aliyesengenywa, humwendea mtunzi akamweleza kisa, na mtunzi humtolea ubeti usiotaja jina wala nyumba. Tangu hapo wimbo una mwenyewe wa siri, na klabu hutunza siri hiyo kama itunzavyo vyombo.

Kisha karatasi hupewa mwenye kutunga mahadhi. Huyu husoma, hunyamaza, huchukua udi, hutafuta makamu itakayochukua maneno yale: rasti, bayati, hijazi au nyingine. Kazi yake si kupamba tu. Ubeti wa lawama ukitiwa katika mahadhi ya huzuni huwa kilio. Ukitiwa katika mahadhi ya mwendo wa kuchezeka huwa kicheko cha mshindi. Akipata, humfundisha mwimbaji kipande kwa kipande, na fidla humfuata, na waitikiaji hushika kiitikio kwa kusikia. Wapiga dumbaki na rika huulizana juu ya mdundo. Mtu wa kanuni, mwenye nyuzi zaidi ya 70 za kupatanisha, huanza kazi yake kabla ya wote na hulalamika baada ya wote, maana hewa ya bahari haimwachii uzi mmoja ukakaa ulivyowekwa. Mazoezi huweza kuchukua siku nyingi. Vijana huja kutazama dirishani, na aliyetazama sana siku moja huambiwa ashike rika.

Ndipo ufike usiku wenyewe, wa harusi au wa sikukuu. Wapigaji hukaa kwa safu juu ya jukwaa, fidla mbele, besi na dumbaki kando, kanuni mahali pa heshima. Hawatabasamu. Mgeni hudhani wamechoka au wamekasirika. La, hiyo ndiyo adabu ya kazi, iliyorithiwa tangu vijana wa 1905. Hufungua kwa bashrafu, muziki usio na maneno, na wasikilizaji huutumia kwa kukaa vizuri na kutazamana. Wanawake wako mbele, wamejitia udi na asumini, na jicho la kila mmoja lapita juu ya wenziwe likihesabu nani amekuja na nani hakuja. Hesabu hiyo ni sehemu ya muziki, na wimbo utaisomea mahudhurio.

Mwimbaji huinuka, huimba ubeti wa kwanza kwa utulivu, mikono yake haisemi lolote. Waitikiaji hupokea. Ubeti wa pili ukifikia mstari fulani, mwanamke mmoja huondoka kitini. Haendi kwa haraka. Hujongea mbele kwa mwendo wa kuchezea bega, noti imeinuliwa juu katika vidole viwili ionekane na wote, na kila hatua yake ni neno. Hufika kwa mwimbaji, humpa mkononi au humbandika kwenye paji la uso, huzunguka kidogo, hutupa jicho upande mmoja wa ukumbi, kisha hurudi. Hii ndiyo kutunza. Wageni huandika kwamba ni kumpongeza mwimbaji kwa sauti yake nzuri. Na kweli mara nyingine ni hivyo. Lakini mwenye kuinuka katika mstari ule, wala si katika mwingine, amesema mbele ya watu 300: maneno haya ni yangu, na aliyeambiwa ajijue. Hakufungua kinywa. Hakuna kadhi wala hakimu awezaye kumshitaki.

Mwimbaji mjuzi akiona hivyo huurudia mstari. Aliyeko upande uliotupiwa jicho afanye nini? Akiondoka ukumbini amekiri. Akibaki akitazama chini amekiri nusu. Liko jibu la tatu, nalo ndilo wapendalo watu kulisimulia kwa miaka: naye huinuka, kwa mwendo uleule, huenda kutunza mstari uleule kwa noti iliyo kubwa zaidi, na kurudi akicheka. Hapo fumbo limegeuzwa ncha. Ukumbi wote hushangilia. Wapigaji hawainui macho, bali mdundo waongezeka nguvu kidogo.

Kwa ajili hiyo nimesema kwamba maandishi yetu yana upungufu. Tumekusanya mashairi ya taarabu, tumeyapanga kwa bahari na kwa mada, tumeandika chini yake kwamba hili ni la mapenzi, hili la mawaidha, hili la wivu. Lakini shairi lililotajwa kuwa la mapenzi laweza kuwa liliimbwa usiku mmoja kama ugomvi wa wake wenza, na usiku mwingine kama mapatano ya mtu na nduguye, na mwaka uliofuata kama shutuma kwa mkubwa ambaye hapana aliyethubutu kumtaja. Mtunzi hakuyaweka yote hayo, waliyaweka waliosimama. Mkusanyaji anayeuliza mtungaji ni nani na mahadhi ni ya nani ameuliza vema, lakini aulize na hili: mara ya kwanza wimbo ulipoimbwa, aliinuka nani, katika mstari gani, na nani aliyekaa? Wako wazee mjini wawezao kujibu swali hili kwa nyimbo za miaka mingi iliyopita, kwa jina na kwa rangi ya kanga. Hawataki kila jibu liandikwe, nao wana haki. Mjukuu wa aliyekaa huenda leo ameolewa na mjukuu wa aliyeinuka.

Ugumu huo ni wa kweli, na sidhani kwamba utaondoka kwa sababu sisi tuna vinasa sauti. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 baada ya kuimba maisha marefu yasiyojulikana idadi ya miaka yake, aliulizwa maswali na watu wa kila nchi, na filamu zikafanywa juu yake. Mara nyingi alijibu kwa hadithi, na mara nyingine kwa kuimba. Watu waliona ni mzaha wa kikongwe. Huenda alikuwa akitunza siri za watu kama mtu yeyote wa klabu.

Usiku huelekea mwisho wake. Wimbo wa mwisho huwa wa mwendo wa haraka, na wale waliokaa kwa heshima tangu bashrafu huinuka kwa wingi wao wakacheza. Kisha mtu wa kanuni hufunika chombo chake kwa kitambaa, fidla hurudi masandukuni, na noti zilizotunzwa huhesabiwa chini ya taa. Nje, wanawake huenda kwa makundi katika vichochoro, ushungi mmoja karibu na wa pili, na mazungumzo huanza kabla hawajafika pembe ya kwanza. Mmoja asema ubeti wa pili ulimhusu fulani. Mwingine akana: hapana, ulikuwa wa yule aliyevaa kijani, hukuona alivyogeuza shingo? Wa tatu, aliyekuwa karibu na jukwaa, hasemi kitu mpaka afike mlangoni pake.